Dole Langu, Laini ya Mzee

Nianze na kosa langu, maana ndilo nililoulizwa kabla ya mengine yote. Mimi ni wakala wa laini za simu pale Kabuku, barabara ya Segera kwenda Chalinze, mwavuli wa pili ukitoka kituoni, jirani na akina mama wa machungwa. Mteja anakuja na namba ya kitambulisho cha taifa, anaweka dole kwenye kimashine changu, kikimtambua nampa laini anakwenda zake. Kikimkataa, hana laini. Ndiyo sheria. Nilifundishwa vizuri kabisa kwenye semina, nikala na chakula chao cha mchana, nikasaini.

Sasa niambie wewe, mtu aliyekata mkonge miaka thelathini ataweka dole gani? Panga, miiba, kamba za kufungia matita, na ule utomvu unaowasha mpaka ngozi inatoka vipande. Kwetu kuna watu ukiwashika kiganja ni kama umeshika ganda la muhogo mkavu, ila ncha za vidole zimelainika kabisa, hazina hata mstari mmoja. Niliwaambia wapake mafuta. Wakapaka. Niliwaambia wasugue dole kichwani kwenye nywele, walioshe kwa majivu, walikamulie limau. Kimashine kinawaka taa nyekundu tu, mtu mzima anabaki akilitazama dole lake kama limemsaliti.

Wa kwanza kumsajilia kwa dole langu alikuwa mama yangu mzazi. Yeye hakukata, alikuwa kiwandani upande wa brashi, anazishika singa za mkonge kutwa nzima, kila siku ya Mungu, tangu kabla hatujazaliwa mimi na wadogo zangu mpaka siku ile. Alikataliwa mara kumi na moja mbele ya watu. Akasema, "Basi mwanangu, mimi si mtu," akaanza kulia pale pale kwenye benchi. Nikapandwa na hasira. Nikaandika namba yangu, nikaweka dole langu, taa ikawaka kijani. Na ukishamfanyia mama yako, jirani yake utamwambia nini? Akaja jirani. Akaja na mdogo wa jirani. Mfumo wenyewe unamruhusu mtu kuwa na laini zaidi ya moja akieleza sababu, nami nilieleza: biashara. Wakawa wananitania kwamba nimezaa kwa dole. Nilicheka nao. Mjinga mimi.

Wa nne alikuwa mzee mmoja Mzigua anayekaa nyuma ya shamba la mkonge, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabarani. Umri wake unamruhusu kupumzika, lakini alikuwa bado anakata kwa kibarua, maana alisema akikaa nyumbani mgongo unauma zaidi. Mzee huyo alikuwa na mdomo! Baba yangu ni Mnyamwezi, aliletwa na kazi ya mkonge, na Wanyamwezi na Wazigua ni watani, kwa hiyo matusi yote yaliruhusiwa. Nikimwamkia, "Shikamoo mzee," anaitikia, "Marahaba, mtu wa treni. Mliletwa hapa mna vibao vya namba shingoni, leo mnatuuzia wenyeji hewa!" Nami namwambia, "Tuliletwa kwa sababu wenyeji mlikuwa mmelala." Anacheka mpaka anashika benchi. Dole lake lilikataliwa mara tano, hakulia wala hakunung'unika, alinigeuzia tu kiganja juu akasema, "Mkonge umekula. Weka lako, mtani."

Nikaweka langu.

Alitaka simu kwa sababu ya mtoto wake wa kiume, fundi ujenzi, aliyekuwa amepata kazi kusini kabisa, karibu na mto wa mpaka. Mtoto huyo nilimwona mara moja tu, alipokuja kumzika mama yake. Kijana mrefu, mpole, ana saruji kwenye kucha. Siku ya kurudi kusini simu yake ilikuwa imekufa, na mzee akampa ile yake ndogo, kitochi, pamoja na laini yake humo humo. Mimi nilikuwepo, nikasema, "Mzee, sasa wewe utabaki na nini?" Akasema, "Mimi niko kwangu. Aliye mbali ndiye wa kuwa na simu." Wakakubaliana kijana awe anapiga kwenye simu yangu mimi, kila Ijumaa, mzee akitoka msikitini. Sikuona ubaya. Nilimwona ni baba mzuri, na benchi langu likapata heshima.

Ikawa hivyo karibu mwaka mzima. Saa saba na nusu mzee anafika na kanzu yake na kofia, anakaa, simu yangu inalia. Masikio yake mabovu, kwa hiyo tunawasha spika, na wauza machungwa wote wanasikia. Wanaongea Kizigua, ambacho nakijua kwa mama. Mvua mmepata? Yule mbuzi mwekundu kazaa? Bati la jikoni bado linavuja? Mzee kazi yake kujibu na kufoka, "Ongea kwa nguvu, unanong'ona kama mwali!" Hakumuuliza hata siku moja yuko kijiji gani wala anajenga nyumba ya nani. Kwake yeye mtoto mwenye ndevu haulizwi amelala wapi.

Habari za kule kusini tulikuwa tunazisikia redioni kama kila mtu. Ng'ambo ya mto kulikuwa na watu wenye silaha waliotaka kuukata mkoa wao uwe nchi yao, wana bendera yao, wanachoma vijiji vinavyowakataa. Ikasemekana na vijana wa upande wetu wapo waliovuka, wengine kwa kushawishiwa, wengine kwa kulipwa kubeba mizigo. Nilikuwa nasikiliza huku namenya chungwa. Kwa kweli sikuunganisha. Kusini ni mbali, na kijana yule alikuwa na saruji kwenye kucha.

Jumanne moja nikapigiwa na namba nisiyoijua. Sauti ya binti, laini, yenye adabu. "Shikamoo mama." Nikaitikia. "Mama, tunaomba kesho uje Korogwe, Manundu, kuna jambo la usajili tunataka utusaidie. Uje na kimashine. Na tafadhali, usimwambie mtu." Nilipokata simu nikakifunika kimashine kwa kanga. Nilijua. Nilijua ni madole. Nilikaa nawahesabu watoto wangu wa dole mmoja mmoja, nikifikiri ni nani kati yao amemtapeli mtu kwa simu. Nilimfikiria kila mmoja isipokuwa mzee.

Manundu ndiko anakoishi mdogo wangu, naijua mitaa yote, lakini nyumba ile nilikuwa nimepita mbele yake miaka na sikuwahi kuigeukia. Nyumba ya kawaida, rangi imebabuka, haina kibao. Ndani kuna meza, viti vitatu, feni. Mwanamume wa rika langu ana mafua, anakunywa chai ya tangawizi kwenye kikombe cha plastiki, na yule binti na kompyuta yake. Hawakuniambia ni wa ofisi gani na mimi sikuthubutu kuuliza. Binti akasimama, akanipa tena shikamoo, akanivutia kiti. Ningefurahi zaidi kama angenifokea.

Akanigeuzia kompyuta. Ramani ya nchi nzima, na juu yake nukta mbili nyekundu. Moja Kabuku. Nyingine chini kabisa, ukingoni mwa mto. Katikati yake mstari.

"Mama," mwanamume akasema, akapenga kamasi kwanza, "hizi namba mbili zote ni zako. Kitambulisho chako, dole lako. Hii unayo hapo mkobani. Hii nyingine iko mpakani, na miezi minne sasa inakaa jirani na namba za watu tunaowatafuta. Na kila Ijumaa, saa saba na nusu, unajipigia simu mwenyewe kutoka mpakani, unaongea na wewe mwenyewe dakika kumi. Tueleze mama, unafanyaje?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, kwa woga. Nataka niandike hapa kwamba nilijikaza, nilimlinda mzee wa watu, nilidai nishauriane na mtu. Hapana. Nilimtaja kabla sijaulizwa mara ya pili. Nilitaja jina lake, nyumba yake, msikiti wake, nikataja mpaka yule mbuzi mwekundu. Nilieleza habari za mkonge na vidole nikawaonesha vyangu, kana kwamba vyangu vina shida. Yule binti alikuwa anaandika tu.

Nilipomaliza wakatazamana. Mwanamume akaniambia wanaamini kijana yuko na kundi linalovusha chakula na betri za sola kwenda kwa waasi. "Kama anapigana, kama anabeba, kama ni fundi tu amekwama nao, hatujui. Mnara wa simu unatuonesha eneo, na eneo lenyewe ni msitu. Tunataka kijiji, mama. Na tunataka siku." Akanywa chai. "Baba yake hamuulizi kamwe. Tumesikiliza."

Tumesikiliza! Nikakumbuka Ijumaa zote zile, bati linalovuja, mzee anafoka, na watu hawa wamekaa mahali wanasikiliza na feni yao.

Basi wakanituma. Nimwambie mzee amuulize mwanawe yuko wapi na anarudi lini. Nisimweleze kwa nini. Nikauliza, mkimpata mtamfanya nini? Akasema inategemea yeye atafanya nini. Nikauliza, na mimi? Akasema, "La dole tutalizungumza baadaye." Ni sentensi ndogo hiyo, lakini nimelala nayo na kuamka nayo.

Nimesimama niondoke, binti akasema kwa upole, kama mtu anayekufundisha dawa ya kikohozi, "Ila mama, vidole huwa vinarudi. Mkata mkonge akipumzika wiki sita, saba, mistari inaota tena. Ungemwambia tu asubiri." Hiyo kwenye semina hawakutufundisha. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya duka la watu nikalia kama mtoto, mpaka mwenye duka akaniletea maji.

Ijumaa ya kwanza nilishindwa. Mzee alifika, akakaa, akaniuliza mbona leo nimevimba uso kama andazi, nikasema meno. Simu ikalia. Waliongea mvua, waliongea kaburi la mama, linahitaji kusakafiwa. Mimi nimesimama nyuma yake, nikamuuzia mteja kifurushi cha mwezi badala ya cha siku. Dakika kumi zikaisha. Nikashusha pumzi nikijiambia mtandao ulikuwa mbaya, hawakusikia vizuri.

Jumatatu asubuhi binti akapiga. "Shikamoo mama. Mzee hakuuliza."

Wiki ile sikula. Kila gari lililopunguza mwendo karibu na mwavuli wangu nililiona ni lao. Nilikuwa natazama kimashine changu mezani na kukiogopa kana kwamba kinanisikiliza nacho. Nilifikiri nizime simu Ijumaa, niseme imeibwa. Nilifikiri nimwambie mzee ukweli. Kisha namfikiria mama yangu, ambaye laini yake nayo ina dole langu, na ambaye hata mjumbe akimwita anaoga mara mbili kabla ya kwenda. Nikajiambia mengi: kwamba wale wa ng'ambo wanachoma watu, kwamba kama kijana ni msafi ataonekana msafi, kwamba mimi ni wakala tu. Sababu zote zilikuwa za kweli. Lakini iliyonisukuma ilikuwa moja, niliogopa kufungwa.

Ijumaa ya pili nikasema. Mzee alikuwa ndiyo kwanza ameketi, anajipepea kwa kofia. Nikapanga machungwa niliyopewa na jirani, ili nisimtazame, nikasema, "Mzee, si umuulize basi huyo mtoto yuko kijiji gani hasa? Na anarudi siku gani. Tumtumie hata nguo."

Nikainua macho. Alikuwa ananitazama, na halikuwa lile jicho lake la utani. Alinitazama kitambo, kofia imesimama hewani. Nilisubiri aseme lolote kuhusu treni au vibao. Akaivaa kofia yake taratibu, akaiweka sawa kama anayejiandaa kurudi msikitini. Simu ikalia.

Akamwacha kijana asalimie. Akamwacha aulize mvua. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwanangu, uko wapi?"

Nilidhani simu imekatika.

"Baba?"

"Nakuuliza uko wapi. Kijiji gani. Na utakuwepo hapo mpaka lini."

Kijana akataja kijiji. Sitakiandika. Akasema kuna shule iliyoachwa, na nyuma yake kisima, yuko hapo na watakaa mpaka Alhamisi. "Usiwe na wasiwasi, baba. Naezeka tu. Mvua ikianza hawa watu watalowa." Mzee hakuuliza hawa watu ni akina nani. Akamwambia ale vizuri. Akamwambia, "Mtu yeyote akija akakwambia kaa chini, kaa chini. Umenisikia? Usikimbie." Kijana akacheka kidogo, akasema, "Haya baba." Mzee akanirudishia simu, akaondoka bila kuaga, na machungwa niliyomwekea akayaacha.

Maneno yale ya usikimbie niliyasikia kwa masikio yangu, na wauza machungwa waliyasikia. Nikayachukulia ni maneno ya wazee tu, wanavyomwonya mtoto asiyekuwepo. Nilikuwa na woga wangu wa kutosha, sikuwa na nafasi ya kufikiria maneno ya mtu mwingine.

Ijumaa iliyofuata simu haikulia.

Mzee alikaa mpaka saa tisa. Akasema, "Labda salio limeisha." Nikasema, "Labda." Jioni redio ikasema kusini kumefanyika kazi kubwa, waasi kadhaa wameuawa, wengine wamekamatwa, haikutaja jina wala shule. Nilimpigia binti. Alipokea. "Mama, tutakujulisha." Nikampigia wiki iliyofuata, akasema vile vile. Ya tatu hakupokea. Namba ya kijana nilikuwa naipiga mwenyewe mchana kutwa, namba yenye jina langu, na yule mwanamke wa kwenye mashine ananiambia mteja hapatikani kwa sasa.

Mzee akaacha kukata mkonge. Alisema ni mgongo. Lakini Ijumaa hakukosa hata moja, kanzu, kofia, saa saba na nusu, anakaa kwenye benchi mikono imelala magotini. Hakunitania tena. Hujui utani ni chakula mpaka unyimwe. Nilimchokoza mimi, nikasema, "Mzigua, leo hujaniuliza habari za Tabora?" Akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mgeni. Niliumia kuliko kama angenitukana kweli. Nami kila Ijumaa naingoja saa tisa ifike aondoke, na akishaondoka namwonea huruma, na usiku sipati usingizi kwa kuwaza lini wataniita kwa lile la dole.

Ijumaa ya saba alikuja na simu mpya, kitochi, bado ina plastiki kwenye kioo. Akaiweka mezani. Akasema, "Nipe hicho kimashine chako."

"Mzee, unajua vidole vyako."

"Nipe."

Nikamwandikia namba yake ya kitambulisho. Akalifuta dole kwenye kanzu, akaliweka. Mimi nilikuwa tayari na la kusema, njoo siku nyingine, hali ya hewa, jasho. Taa ikawaka kijani. Jina lake likatokea, herufi zote, na jina la baba yake. Nilichukua kile kiganja nikakigeuza kwenye mwanga, na kweli, mistari ilikuwa imerudi, myembamba, kama ya mtoto. Wiki saba. Angesubiri wiki saba tu mwaka ule, na mimi ningekuwa na subira badala ya hasira, laini ingekuwa na jina lake, na mimi ningekuwa muuza hewa tu. Nikashindwa kujizuia.

"Mzee, nisamehe," nikasema. "Nisamehe. Siku ile nilipokwambia umuulize, nilitumwa. Waliniita Korogwe. Walikuwa wanasikiliza."

"Najua," akasema.

Akina mama wa machungwa walikuwa wanapanga biashara yao, hakuna aliyegeuka. Nikamuuliza anajuaje.

"Miaka yote hujawahi kuniuliza habari ya mtoto wangu. Wewe kazi yako kuuza hewa. Siku ile ukaniuliza kijiji na siku, mambo mawili kwa mkupuo, na hukunitazama usoni. Nilijua hayo si maneno yako, mtani."

Aliniita mtani. Nilitamani kumshika miguu.

"Sasa kwa nini ulimuuliza?"

Akaanza kuibandua ile plastiki kwenye kioo cha simu kwa kucha. "Mwezi wa pili tangu aondoke nilishajua hajengi nyumba ya mtu mwema. Fundi anayelipwa angetuma hela ya bati, asingekaa ananiuliza kama bado linavuja. Nilikuwa namwogopea kila siku. Akiwa gerezani, mimi napanda gari na uji wangu, nasimama getini, wananifukuza, narudi tena. Akiwa msituni nampelekea wapi?" Akaukunja ule utando wa plastiki mdogo mdogo. "Nilimwambia asikimbie. Ulisikia."

"Nilisikia."

"Basi waambie hao rafiki zako. Sasa nina namba yangu na dole langu mwenyewe. Yu hai au hayupo, wanipigie mimi. Wasipitie kwako tena."

Nikamwandikia binti ujumbe mbele yake. Nikaandika namba mpya, nikaandika kwamba ni ya baba wa kijana, amesajili mwenyewe, anaomba jibu lolote. Nikamsomea, akanisahihisha, nikatoa "tafadhali" kwa sababu hakuitaka. Ujumbe ukaenda. Mpaka leo haujajibiwa, wala ule wenye namba hiyo hiyo niliotuma kwenye laini ya kijana. Lile la dole nalo hawajaniita kulizungumza, na mama yangu bado anatumia laini yenye jina langu kumpigia dada yake Chanika kuhusu mahindi.

Mzee bado anakuja. Angeweza kukaa nyumbani sasa, simu anayo, lakini anasema kwake mtandao unasuasua. Anakaa pale pale, anaiweka kwenye benchi kati yangu na yeye, spika tayari. Mwanzoni yangu ikilia tulikuwa tunashtuka wote wawili, yeye anainuka nusu, kisha anakaa tena. Siku hizi Ijumaa, kuanzia saa saba na nusu mpaka saa tisa, yangu naizima.